Benchi la Jadida na Gemu ya Ng'ombe

Nyinyi vijana mnaonipitia kuniuliza mashine gani nzuri ya kufungulia chumba cha gemu, nakuambieni nunueni benchi kwanza. Mashine mtanunua, itakufa, mtanunua nyingine. Benchi ndilo duka lenyewe. Liwe refu la kutosha wanne wenye pedi za kuchezea na wengine wanaosubiri zamu, na lisiwe na mgongo. Mwenye kuegemea husinzia, na anayesinzia hachezi wala hasemi. Chumba cha gemu kinaishi kwa wanaosema. Langu lilichongwa kwa mbao za mfenesi, na mpaka naacha kazi halijawahi kulia hata msumari.

Waya za pedi zifungeni kwenye mguu wa benchi, muache ulegevu kidogo. Mtu akifungwa goli huruka. Akiruka na waya umekazwa, mashine inaruka naye. Televisheni iwekeni juu, kichwani pa mtu aliyesimama, ili mlinzi wa mlango aone kioo bila kumwambia mtu kaa. Ikiadhiniwa, zimeni sauti msingoje kuambiwa. Mtoto mwenye sare za skuli asivuke kizingiti. Mkishika hayo, sheha wa kwenu atapita akikusalimuni, hatakuja kukufungieni.

Jina langu ni Mgeni. Watu wa Jadida, hapa Wete, walianza kuniita Bi Mgeni kabla sijafika umri wa kuitwa Bi, kwa sababu mwanamke anayekaa mlango wa chumba cha gemu ama apewe jina zito ama afukuzwe. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, baba mwanzo, mama akamfuata. Nyuma yangu walikuwepo wawili, Faki na Riziki. Skuli nikaiacha, nikakaanga mandazi. Hilo halina maelezo zaidi. Wengi wa rika langu wana la kwao mfano wake. Mjomba wetu aliyekuwa Maskati akamletea Faki televisheni na mashine ya gemu, zawadi ya kufaulu mtihani. Nikaziweka ukumbi wa mbele. Watoto wa mtaa wakaja kuangalia, nikaona mandazi yanaisha mapema. Kazi yangu ikaanzia hapo. Sikuichagua wala sikuikataa.

Ufundi nilifunzwa na Fundi Othman, mtengeneza redio wa karibu na soko. Pedi zangu za kwanza zilipokamata uchafu nilizisafisha kwa mafuta ya taa, plastiki ikalainika kama halua. Nikampelekea. Akaishika moja kwa vidole viwili.

"Bi Mgeni, hii umeikaanga?"

"Nimeisafisha."

"Kwa mafuta ya taa?"

"Ndiyo."

"Basi ina bahati hukuitia na hiliki."

Akanikalisha siku hiyo mpaka laasiri. Penye shaba husuguliwa kwa raba ya kufutia penseli. Kitufe kilichozama hutiliwa kipande cha kandambili chini yake, kandambili kuukuu, si mpya. Mpya ni ngumu. Pedi za siku hizi sizijui, lakini sijasikia kuwa zimeacha kushika jasho.

La pili sikufunzwa na mtu. Jiko langu lilikuwa nyuma ya ukumbi, kioo sikioni, basi gemu nikizijua kwa masikio. Gemu mbaya ina kelele za mashine tu. Gemu nzuri mashine huisikii kabisa, unasikia, "Yakhe, mwenzio mie! Mwenzio mie!" na mtu anachekwa. Na gemu nzuri kuliko zote kwa benchi langu zilikuwa za watu wanne kwenye kioo kimoja, kila mtu amemgusa mwenzake bega. Za kucheza peke yako zilikuja, nikazirudisha.

Kulikuwa na gemu ya mpira iliyosifiwa kila pahala, wachezaji wanatoka jasho unaliona. Benchi likaicheza wiki moja. Kulikuwa na nyingine ya kuku wanaocheza mpira, imechorwa kama na mtoto, kuku mmoja hana hata jicho. Kuku hao waliweza kumdonoa mtu wa timu yao wenyewe. Ile ilikaa mpaka nikaota kuku. Muuzaji aliyeniuzia aliniambia ananipa kama nyongeza tu, maana mjini hakuna aliyeitaka.

Hukumu za benchi zilikuwa tatu, na zote zilitoka jikoni. Gemu ikiwa nzuri, imekolea. Ikiwa haina kitu, ni dufu, na dufu haina dawa; hata ukiipamba vipi itabaki dufu. Baina ya hizo mbili kuna chapwa. Chapwa ni mchuzi uliosahauliwa chumvi. Kila kitu kimo, samaki yumo, ndimu imo, lakini ulimi unangoja kitu hakiji. Mkubwa wa hukumu alikuwa Shaame, kijana wa mkokoteni pale sokoni, mdomo wake kama wembe. Walimwita Kadhi. Akishasema yeye, wengine hurudia tu. Nami kanuni yangu ilikuwa moja: mwenye chumba hatoi hukumu, na mwenye gemu hajibu. Aliyepika hasimami nyuma ya anayekula.

Kanuni hiyo ilinijia mlangoni siku Faki aliporudi.

Alikuwa amesoma mambo ya kompyuta Dar es Salaam na kupata kazi ya ofisi huko. Akaja Idi ndogo na begi moja na kompyuta, amekonda, akanifuata jikoni hata viatu hajavua.

"Dada, kazi nimeacha."

"Tangu lini?"

"Muda. Nimetengeneza gemu."

"Ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Nikaendelea kukoroga. Akanieleza yote kwa pumzi moja. Mjomba amemtafutia kazi ya duka Maskati, karatasi za safari tayari, anangojwa yeye tu. Amemwomba mjomba avumilie sikukuu ipite. "Benchi la nyumbani likiikubali, naendelea nayo. Likiikataa nakwenda kwa mjomba, na kompyuta naiuza, nisiione tena."

"Sawa," nikamwambia.

"Sawa tu?"

"Wataka niseme nini, na watu hawajacheza?"

Nilijua alichokuwa akikitaka. Alitaka nimwambie benchi litaipenda. Nilikuwa nimemlea kwa mandazi na sikuwahi kumuahidi kitu kilichoko mikononi mwa watu wengine.

Kwa wale ambao hamkuwahi kuuona mchezo wenyewe: kwetu Pemba ng'ombe hauawi uwanjani wala hachomwi mkuki. Fahali hufungwa kamba ndefu, mtu wa kamba akaishika, na wachezaji wakamwendea na kitambaa, wakamkwepa. Zumari inalia, ngoma inapigwa, na wanawake wanaimba. Hiyo ndiyo gemu aliyoitengeneza Faki. Watu wanne, kioo kimoja. Pedi moja ni ng'ombe. Pedi moja ni mtu wa kamba, akikaza au akilegeza apendavyo. Mbili zilizobaki ni wachezaji wenye vitambaa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na miguu kama ya meza iliyopakwa sabuni, akigeuka ghafla anaanguka kwa makalio.

Sikukuu mosi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Faki akaunganisha kompyuta na televisheni, akaeleza vitufe, nikamwonyesha kwa kidole pa kusimama: nje ya mlango, mdomo umefungwa. Shaame alichukua kamba. Hakumaliza hata kuikamata akagundua kuwa anaweza kumlegezea ng'ombe akiwa karibu na rafiki yake.

"Shaame, kaza! Kaza kamba!"

"Nakaza, yakhe, nakaza."

"Wakaza nini na ng'ombe yuko mgongoni kwangu!"

"Kumbe hiki ndicho cha kulegeza? Sijakizoea."

Mtaa mzima ulicheka. Faki alinitazama kupitia mlango wa jiko, macho yanang'aa. Sikumtazama sana. Kicheko cha siku ya kwanza hakina maana kubwa. Watu humchekea hata mgeni mwenye kofia mpya. Wekeni hilo akilini mtakapoleta kitu kipya.

Sikukuu pili Riziki alikuja na shoga zake. Ameolewa Shumba, na kila Idi huja kwangu. Hawakuingia, walisimama dirishani na kanga zao mpya, wakachungulia. Ng'ombe alikuwa mikononi mwa kijana mvivu, anamzungusha pembeni tu, hataki kuwaendea wachezaji. Riziki akaona ng'ombe amegoma. Na ng'ombe akigoma, kwetu kuna dawa moja, wimbo wa kumsuta. Akaanza, na wenzake wakamdaka:

*Fahali wa Bwana Juma, jana ulikula nini?
Wakwenda kwa kujivuta, kama bi harusi ndani!*

Ukumbi ukalipuka. Halafu ukafanya kitu ambacho sijapata kukiona na gemu nyingine yoyote: wote wakanyamaza, wakakitazama kioo. Walikuwa wanamngoja ng'ombe. Hata aliyeshika pedi alikuwa anangoja, kasahau kuwa ng'ombe ni yeye. Ng'ombe akapiga hatua mbili, akasimama, akatikisa mkia vilevile alivyokuwa akitikisa tangu jana.

"Yuno ng'ombe kiziwi," akasema mtu wa nyuma.

Hakuna aliyecheka. Riziki akajifunika kanga vizuri, akaondoka dirishani.

Sikukuu tatu benchi lilipungua. Sikukuu nne, asubuhi, nikasikia kutoka jikoni sauti za kuku. Wamewarudisha kuku. Nikasikia pia sauti ya Faki ndani ya ukumbi, na hapo nikajua ameivunja kanuni.

"Kaka Shaame, niambie. Gemu yangu vipi?"

Shaame hakuacha kucheza. "Hino gemu chapwa."

"Chapwa?"

"Chapwa, yakhe. Nipishe nione kioo."

Faki akapita jikoni, akaingia chumbani. Nilimaliza kuipua chungu, kwa sababu mchuzi wa papa hauna subira na huzuni ya mtu, kisha nikaenda kumwangalia. Begi lilikuwa kitandani limefunguliwa. Kompyuta alikuwa ameikunja kwenye taulo.

"Nampigia mjomba jioni," akasema. "Nimefanya nilivyosema, nimewauliza, wamenijibu. Dufu."

"Nani kaamba dufu?"

"Shaame. Umemsikia mwenyewe."

"Nimesikia chapwa."

"Dada, si mamoja? Mbaya ni mbaya."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Miaka yote aliyokaa Dar es Salaam alikuwa akila hotelini, na huko chakula kikiwa hakina ladha watu husema kibaya, wanahamia hoteli nyingine. Maneno mawili yalikuwa yamegandana kichwani mwake yakawa moja. Mtu alikuwa anakwenda kuhama nchi kwa sababu ya kutotofautisha sufuria mbili.

"Si mamoja," nikamwambia. "Dufu humwagwa. Chapwa haimwagwi, inatafutiwa chumvi."

"Chumvi gani sasa?"

Hapo ndipo nilipojizuia. Nilikuwa nimeusikia ule ukimya wa sikukuu pili, na nilikuwa na dhana yangu. Lakini dhana yangu ilikuwa ya dada. Kama ningemwambia mimi, angeifanya kwa kunitii, na siku ikishindikana angekuwa hana wa kumuuliza isipokuwa mimi.

"Mie sikuonja," nikasema. "Waulize walioonja. Shaame kesho yuko sokoni. Na usimuulize kama nzuri au mbaya. Muulize alikuwa anangoja nini."

Jioni ile hakumpigia mjomba.

Kesho yake alikwenda. Mazungumzo yao nimesimuliwa na wote wawili, na yamelingana isipokuwa kwamba kila mmoja anadai yeye ndiye aliyesukuma mkokoteni. Shaame alikuwa anapeleka ndizi, Faki akamfuata nyuma akiuliza, na Shaame akamjibu bila kusimama.

"Nlikuwa nangoja asikie."

"Asikie nini?"

"We Faki, umezaliwa wapi? Ng'ombe anatukanwa na Riziki hadharani, anatikisa mkia! Ng'ombe gani huyo? Mwenye ng'ombe huyo angehama kijiji."

"Kwa hivyo ni nyimbo tu?"

"Nyimbo *tu*? Wewe mtu wa kompyuta, mie nimekaa benchi naona watu wanne wanacheza na ishirini tumekaa kama mawe. Uwanjani nani anakaa kama jiwe? Shika hapa, sukuma, tunapanda mlima."

Faki akarudi nyumbani, mikono ina utomvu wa ndizi, akafungua kompyuta juu ya kitanda. Siku ya pili akarudi Dar es Salaam nayo. Mjomba akaambiwa angojee mpaka Idi kubwa, na sauti yake kwenye simu niliisikia nikiwa uani: alisema yeye si kituo cha gari.

Nikuchanganyieni hapa jambo la mbele, lisije likanipotea. Baadaye gemu ile ilitoka nje, na watu wa mbali wakaiandikia maoni kwenye mtandao. Faki alikuwa akinisomea na kunifasiria. Mmoja alisema sheria hazieleweki. Mwingine alisema mtu wa kamba ana uwezo mkubwa mno wa kuwasaliti wenziwe, na hilo ni kosa. Shaame aliposikia akasema huyo bila shaka alichezeshewa kamba na rafiki. Mmoja aliandika kuwa ameicheza usiku peke yake chumbani, akaiona tupu, akaipa nyota moja. Benchi lilikaa likifikiri juu ya mtu huyo kwa muda, kwa huruma kabisa. Mwisho mmoja akauliza, "Hana jirani?" Wengine waliisifu. Nimejifunza kuwa maoni ya mtu yanakuonyesha kwanza alikuwa amekaa wapi alipoonja. Someni yote, lakini ulizeni hilo.

Basi Idi kubwa ikafika. Faki akaja na kompyuta ile ile na kipaza sauti cha kawaida, kama cha maulidi, waya wake mrefu. Hakueleza kitu. Alikitundika juu ya dirisha, waya akauchomeka kwenye kompyuta, akaniuliza kwa macho pa kusimama, nikamwonyesha pale pale nje ya mlango.

Benchi lilikaa kwa adabu, kama watu waliokubali mwaliko wa pili kwa sababu ya jirani. Walicheza kimyakimya. Ng'ombe alikuwa na Shaame safari hii. Akamzungusha, akamzungusha, akasimama naye katikati ya uwanja kusudi, akageuka akatazama dirishani, alikokuwa Riziki na wenzake.

"Haya, Bi Riziki. Mie nimegoma."

Riziki akaanza ule wimbo kwa sauti ndogo, ya kujaribu. Kwenye kioo sikio moja la ng'ombe likainuka.

Nilikiona hicho mwenyewe, maana nilikuwa nimeacha jiko. Benchi zima liliguna. Wanawake wakapandisha sauti, ng'ombe akainamisha kichwa, miguu ikaanza kuchimba vumbi. Kadiri walivyoimba ndivyo alivyochacha, hata Shaame na pedi yake akashindwa kumzuia, ng'ombe anakwenda anakotaka yeye. Mtu wa kamba akaburutwa kwa tumbo uwanja mzima. Vijana wa nyuma wakaona kuwa nao wanasikika, wakaanza kuitikia, wengine wakapiga benchi kwa viganja. Mchezaji mmoja alitupa kitambaa akakimbia nje ya uwanja, na aliyemshika akasimama naye kweli, pedi mkononi, karibu atoke mlangoni. Waya ulimrudisha. Ndiyo faida ya ulegevu mdogo.

Ilipotulia kidogo, wakabadilishana zamu. Faki akajipenyeza mpaka kwa Shaame, ambaye sasa alikuwa kwenye mstari wa wanaosubiri, shingo imesimama mishipa, koo limekauka.

"Kaka Shaame. Sasa vipi?"

"Vipi nini?"

"Gemu. Waionaje?"

Shaame alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake katikati ya sala. "Yakhe, niondokee mbele. Zamu yangu inafika."

Faki akamgeukia wa pembeni, akamwuliza yeye. Yule hakumsikia, alikuwa anaimba. Hakuna aliyetoa hukumu siku ile, wala kesho yake. Katika miaka yangu yote mlangoni pale ndiyo gemu pekee iliyopita bila kuhukumiwa, maana hakupatikana mtu aliyekuwa na nafasi.

Faki alitoka nje, akakaa kizingitini, akatoa simu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sinia tupu. Sauti ya mjomba ilikuwa inatoka kwenye simu kama kwenye redio.

"Mjomba, sitakuja. Nimepata kazi."

"Kazi gani?"

"Ya ng'ombe."

"Umesomeshwa kompyuta, unachunga ng'ombe?"

"Sichungi, mjomba. Nachezesha."

"Unao wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Faki, mwanangu, ng'ombe mmoja atakutosha?"

Faki akageuka akatazama ndani. Walikuwa wamesimama wote, benchi tupu, na Shaame kalala sakafuni na pedi kifuani anavutana na kamba isiyokuwepo.

"Atanitosha, mjomba," akasema. "Mie nakhofu sisi ndio hatumtoshi."